BWAWA LA NAIROBI: LILIKUWA LA MAJI, LIKAWA LA MAPUMZIKO, SASA NI MATOPE

Na Bwana Shamba, Temeke

Watu wengi wa Temeke wanalijua Bonde la Mto Kizinga. Wengine wanalima humo mchicha, matembele na bamia. Wengine wanalivuka kila siku pale Mtoni, kwenye Barabara ya Kilwa, wakienda Mbagala au wakirudi mjini. Lakini si wengi wanaojiuliza bonde hili litakuwaje miaka thelathini ijayo. Je, litakuwa bonde lenye maji safi na kivuli? Au litakuwa mfereji wa uchafu?

Njia moja ya kujibu swali hili ni kutazama yaliyompata jirani. Wahenga walisema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa hiyo makala hii inaeleza habari za Bwawa la Nairobi, katika nchi ya Kenya. Bwawa hilo lilijengwa ili kuweka akiba ya maji ya kunywa. Baadaye likawa mahali pa kupumzikia kando ya maji. Leo sehemu kubwa ya bwawa hilo ni matope na magugu. Nilikwenda kulitazama, na ninawaletea niliyojifunza.

BWAWA LILIJENGWA KWA NINI?

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953, wakati Kenya ilipokuwa chini ya ukoloni wa Waingereza. Kazi yake ilikuwa kuweka akiba ya maji ya mji wa Nairobi. Lilijengwa kwa kuziba mto mdogo uitwao Motoine. Ukuta ulijengwa kukatiza bonde, na maji yakakusanyika nyuma yake.

Bwawa lilifunika eneo la hekta 35 hivi, yaani kama ekari 88. Halikuwa na kina kirefu. Kwa wastani kina chake hakikufika mita 3. Msomaji akumbuke jambo hili la kina, maana tutalirudia.

Upande mmoja wa bwawa uko mtaa wa Kibera. Mtaa huo ulianzishwa na askari Wanubi waliotumikia jeshi la Waingereza. Walipewa ruhusa ya kukaa pale, na mahali penyewe palikuwa msitu. Upande wa pili iko mitaa ya Lang'ata. Watu wa Kenya huliita bwawa "silanga". Ndiyo maana sehemu moja ya Kibera iliyo karibu na bwawa hilo inaitwa Silanga hadi leo.

SIKU ZA MASHUA

Miaka ilipita, na mji wa Nairobi ukapata maji kutoka mabwawa mengine makubwa yaliyo mbali na mji. Bwawa la Sasumua lilikamilika mwaka 1956. Bwawa la Ndakaini lilikamilika mwaka 1994. Hivyo Bwawa la Nairobi halikuhitajika tena kama akiba ya maji ya kunywa.

Lakini maji yalikuwapo bado, na watu wakayapenda. Wenye mashua za tanga walishindana humo. Wengine walivua samaki. Familia zilikwenda kukaa ukingoni siku za mapumziko, zikala chakula chao kwenye majani, zikatazama ndege wa majini. Kwa watu wa mji, mahali kama hapa ni mali kubwa. Mtu aliyechoka na kazi na kelele anahitaji hewa na kivuli.

Tukiishia hapo, habari hii ni nzuri. Bwawa limemaliza kazi yake ya kwanza, likapata kazi ya pili. Lakini hadithi haikuishia hapo.

UCHAFU ULIINGIAJE?

Bwawa ni kama sufuria. Kila kinachomwagwa juu yake kinaingia ndani. Mto Motoine unapita kwenye makazi ya watu wengi kabla ya kufika bwawani. Jiji la Nairobi lilikua upesi sana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, jiji hilo lilikuwa na watu 4,397,073. Watu wengi walijenga juu ya bwawa, mahali ambapo mabomba ya maji machafu hayakuwekwa na magari ya taka hayakufika. Si kosa la maskini peke yao. Mtu aliyekosa choo na shimo la taka hana pa kupeleka uchafu wake.

Basi maji ya mvua yalikusanya mambo matatu na kuyapeleka bwawani.

Kwanza, udongo. Miti ikikatwa na ardhi ikibaki wazi, mvua hubeba udongo. Maji yanayokwenda mbio yana nguvu ya kubeba mchanga na tope. Yakifika bwawani yanatulia, na nguvu inakwisha. Udongo unazama chini. Kila mwaka tope linapanda juu kidogo. Bwawa lenye kina cha mita 30 linaweza kuvumilia muda mrefu. Bwawa lisilofika mita 3 halivumilii.

Pili, taka ngumu. Hizi ni mifuko, chupa, nguo na mabaki ya sokoni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Tanzania ilifanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Hatua hizi ni nzuri, lakini plastiki ya zamani haiozi upesi. Bado imo kwenye tope.

Tatu, maji machafu ya vyooni na ya kufulia. Maji haya yana vijidudu vya magonjwa. Vilevile yana chakula cha mimea, yaani naitrojeni na fosforasi. Wakulima wanayajua majina haya. Ni virutubisho vilevile vilivyomo katika mbolea tunayonunua dukani. Kwa maneno mengine, bwawa lilikuwa linatiwa mbolea kila siku, mwaka baada ya mwaka.

GUGU MAJI LILIKUTA MEZA IMEANDALIWA

Penye mbolea nyingi, lazima kitu kiote. Kilichoota katika Bwawa la Nairobi ni gugu maji. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Una majani mapana ya kijani na maua ya zambarau. Watu wa Mwanza, Mara na Kagera wanaufahamu vizuri, maana ulienea katika Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 ulilivamia Bwawa la Nairobi.

Gugu maji likipata joto na chakula cha kutosha, linaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi. Tufanye hesabu pamoja. Leo una gugu 1. Baada ya wiki 2 una magugu 2. Baada ya wiki 4 una magugu 4. Baada ya wiki 6 una magugu 8. Ukiendelea hivyo, baada ya wiki 20 utakuwa na magugu 1,024. Hiyo ni miezi mitano tu, na ulianza na moja.

Magugu yakifunika maji, mwanga wa jua haupiti. Hewa ndani ya maji inapungua. Samaki wanakufa. Mashua hazipiti. Magugu yenyewe yakifa yanazama, yanaoza, na kuongeza tope. Mbu wanapata mahali pa kuzaliana. Hata konokono wanaobeba kichocho wanapenda kukaa kwenye mizizi yake.

Watu wamejaribu mara nyingi kuling'oa gugu hili katika Bwawa la Nairobi. Hung'olewa, likarudi. Sababu ni mbili. Mbegu zake hukaa katika tope miaka mingi bila kufa. Na chakula chake bado kinaletwa na mto kila siku. Katika Ziwa Victoria, wadudu wadogo wanaokula gugu hilo waliachiliwa majini, nao walisaidia sana kulipunguza. Lakini hata mdudu hodari hawezi kuzuia maji ya choo. Anayeng'oa gugu bila kuziba uchafu ni kama mtu anayepiga deki huku mvua inavuja juu ya paa.

NILIYOYAONA UKINGONI

Nilifika bwawani asubuhi. Anayetegemea kuona ziwa atashangaa. Macho yanaona uwanja wa kijani. Mtu mgeni anaweza kudhani ni malisho ya ng'ombe. Harufu ndiyo inayomwambia kwamba chini yake kuna maji. Korongo wakubwa walikuwa wanatembea polepole juu ya taka, wakidonoa.

Palipokauka, watu wamelima. Wamepanda sukuma wiki, miwa, na magimbi ambayo Wakenya huyaita nduma. Mimi ni bwana shamba, kwa hiyo nilivutwa na mboga kabla ya mambo mengine. Zilikuwa zimestawi sana. Majani yalikuwa mapana na ya kijani kibichi.

Nilimkuta mama mmoja mtu mzima akipalilia. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamuuliza maji ya shamba lake yanatoka wapi. Akanyoosha jembe kuelekea mitaani na kusema, "Yanatoka kwa watu."

Nikamuuliza kama haogopi kupata ugonjwa. Akasema, "Naogopa. Lakini wanasema bwawa litasafishwa liwe bustani. Hilo naliogopa zaidi. Wakipanda maua hapa, mimi nitapanda wapi?"

Ndugu wasomaji, swali la mama huyu si la kupuuzwa. Tutalirudia baadaye. Lakini kwanza niseme neno la kitaalamu juu ya mboga.

Mboga haioneshi sumu kwa rangi yake. Mboga iliyomwagiliwa maji ya choo hustawi kwa sababu imepata mbolea. Kwa hiyo fungu zuri kuliko yote sokoni linaweza kuwa ndilo chafu kuliko yote. Ukiiosha vizuri kwa maji safi na kuipika mpaka iive, vijidudu vingi vitakufa. Lakini kuna uchafu mwingine ambao moto hauuwezi. Maji yanayotoka gereji na viwandani huweza kuwa na madini ya sumu, kama risasi. Mmea huyanyonya kwa mizizi. Risasi haifi kwa kupikwa. Inakaa mwilini, nayo inadhuru zaidi watoto wadogo, hasa akili zao.

Jambo jingine: uchafu wa bwawa hili haukai hapo tu. Maji yanayotoka bwawani yanaitwa Mto Ngong. Mto huo unaingia Mto Nairobi, kisha Mto Athi. Mto Athi ukifika pwani unaitwa Sabaki, na unaingia baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo kinachotupwa Nairobi kinaweza kumfikia mvuvi wa Malindi.

KUMBE INAWEZEKANA

Msomaji asikate tamaa. Bwawa lililomaliza kazi yake linaweza kuwa bustani nzuri na kubaki hivyo. Mfano mmoja uko New York, nchini Marekani. Katikati ya jiji hilo kuna bustani kubwa iitwayo Central Park. Ndani yake kuna bwawa la ekari 106, lililochimbwa kati ya mwaka 1858 na 1862 ili kuwapa watu maji. Mwaka 1993 liliacha kutumika kwa maji ya kunywa. Halikufukiwa wala halikuachwa liwe jalala. Leo watu hulizunguka kwa miguu na kwa mbio, na ndege wa majini hutua humo.

Msomaji atasema: Marekani ni matajiri. Haya, turudi Nairobi kwenyewe. Ukingoni mwa Mto Nairobi, karibu na katikati ya jiji, palikuwa na taka na gereji za njiani. Marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya aliongoza kazi ya kupasafisha. Leo mahali hapo ni bustani yenye miti, na imepewa jina lake.

Na huko Kibera, tangu mwaka 2006, wakazi wakishirikiana na shirika liitwalo KDI walianza kugeuza maeneo ya taka kando ya vijito kuwa viwanja vya watu. Waliimarisha kingo kwa mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya. Walitengeneza mahali pa watoto kucheza, pa kukutania na pa kufanyia biashara ndogo ndogo. Wakazi wenyewe ndio waliochagua kitu cha kujenga, na ndio wanaotunza.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali la yule mama. Bustani inayojengwa kwa kumfukuza jirani haina mlinzi. Usiku utupaji taka unarudi. Lakini jirani akipewa sehemu yake na kazi yake, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga kelele akiona mtu anamwaga uchafu. Anayelima leo kwenye tope apewe shamba mahali safi, au kitalu cha miti cha kutunza kwa malipo, kabla ya kuambiwa aondoke. Hapo atailinda bustani kwa sababu nayo inamlinda.

KIZINGA NI LETU

Sasa turudi nyumbani. Mto Kizinga unatoka upande wa vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Temeke, na unaingia kwenye mkono wa bahari pale Mtoni. Si mto mkubwa, lakini umetufaa sana. Mtambo wa maji wa Mtoni ulikuwa unawapa maji watu wa Dar es Salaam kabla ya mtambo wa Ruvu Juu wa mwaka 1959 na Ruvu Chini wa mwaka 1976.

Jiji letu nalo limekua. Katika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Nyumba zimeteremka mpaka mabondeni. Tumeshaona hasara yake. Mvua kubwa za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa Bonde la Msimbazi. Mpango wake ni kupunguza mafuriko na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji.

Kwa Msimbazi tunatibu ugonjwa. Kwa Kizinga bado tunaweza kukinga. Na kinga ni rahisi kuliko tiba.

MAMBO SITA YA KUFANYA

1. Tuache mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu na zile zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Kama huna kamba ya kupimia, tembea hatua ndefu 60 kutoka ukingoni. Utapata makadirio.

2. Tupande miti na majani ukingoni. Mizizi hushika udongo usiingie mtoni. Kwenye mteremko, panda mistari ya majani yenye mizizi mirefu ikikatiza mteremko. Mikoko iliyoko mdomoni mwa mto isikatwe. Hiyo ndiyo ngome yetu dhidi ya mawimbi, na ndiyo nyumba ya samaki wachanga na kamba.

3. Tusitapishe vyoo wakati wa mvua. Wako watu wanaosubiri mvua kubwa ili wafungulie choo kitapike mtaroni. Mtu huyo anampelekea jirani yake kipindupindu. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Somo lake halijazeeka. Kaya kadhaa zikichangishana, zinaweza kulipia gari la kunyonya choo.

4. Taka za jikoni na sokoni tufanye mboji. Chimba shimo au tengeneza lundo penye kivuli. Weka tabaka la majani makavu, tabaka la maganda na mabaki ya mboga, kisha samadi kidogo. Mwagia maji, funika, na ugeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi isiyonuka. Udongo wetu wa kichanga unaihitaji sana.

5. Tumwagilie kwa maji salama. Usichote maji chini ya mtaro wa gereji, kiwanda au choo. Kama huna hakika na maji, muulize bwana shamba au bwana afya wa kata yako. Mboga zioshwe kwa maji safi, siyo mtoni, kabla ya kupelekwa sokoni.

6. Tuunde vikundi vya walinzi wa mto. Kikundi kiwe na wakulima, akina mama wa sokoni, vijana, na mwakilishi wa serikali ya mtaa. Kikundi kiwe na daftari. Kiandike mahali taka zinapotupwa na tarehe. Mwenye daftari anasikilizwa kuliko mwenye maneno matupu.

Na viongozi nao wana wajibu wao. Wananchi hawawezi kuacha kutupa taka mtoni kama hakuna mahali pengine pa kuzipeleka. Gari la taka lipite kwa siku inayojulikana. Mkulima wa bondeni aoneshwe shamba jingine kabla ya kuondolewa. Viwanda na gereji zikaguliwe kama anavyokaguliwa mama lishe.

Watu wa Nairobi walikuwa na ziwa dogo la kupumzikia, na sasa wanatafuta njia na fedha za kulirudisha. Sisi mto wetu bado unapita. Kuuokoa leo kunahitaji jembe, miche na umoja wa mtaa. Kuurudisha baada ya kufa kutahitaji mamilioni ambayo hatuna.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka gani, na kwa kazi gani?
2. Kwa nini gugu maji hurudi baada ya kung'olewa?
3. Kwa nini mboga iliyostawi sana si lazima iwe mboga salama?
4. Katika mtaa wenu, uchafu wa nyumba unakwenda wapi mvua ikinyesha?
5. Kama bonde lenu litageuzwa bustani, wakulima wa sasa wapewe nini, na nani azungumze kwa niaba yao?